Kijana Waliyetaka Kumbadilisha: Lamar Jackson na Makocha wa Baltimore

Usiku wa tarehe 26 Aprili 2018, timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zilikutana Arlington, Texas, kuchagua vijana wapya kutoka vyuo vikuu. Raundi ya kwanza ina nafasi 32. Hadi kufika nafasi ya 31, makwotabeki wanne walikuwa wameshaitwa: Baker Mayfield nafasi ya 1, Sam Darnold ya 3, Josh Allen ya 7 na Josh Rosen ya 10. Lamar Jackson wa Chuo Kikuu cha Louisville, kijana wa miaka 21, alikuwa bado ameketi na mama yake, Felicia Jones, akisubiri. Hata Baltimore Ravens, timu iliyokuwa ikimtaka, ilikuwa imeshampita mara moja na kumchukua Hayden Hurst nafasi ya 25. Kisha meneja wao, Ozzie Newsome, aliyekuwa akisimamia uchaguzi wa mwisho kabla ya kung'atuka, akafanya biashara na Philadelphia, akanunua nafasi ya 32, na jina la Jackson likasomwa la mwisho katika raundi hiyo.

Kwa msomaji aliyezoea soka, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi. Ana sekunde mbili au tatu za kuamua: aurushe kwa mpokeaji aliye mbele, amkabidhi mkimbiaji aliye kando yake, au atoke nao mwenyewe. Kwa miaka mingi njia hii ya tatu ilihesabiwa kuwa ya dharura. Kwotabeki aliyesifiwa ni yule aliyetulia nyuma ya wazuiaji wake, akasoma uwanja, akarusha. Mwenye mbio alitazamwa kwa shaka, kana kwamba miguu mizuri ni dalili ya akili nzito.

Shaka hiyo ilikuwa na rangi ya ngozi ndani yake, na historia ya mchezo huu haielezeki bila kulisema hilo. Mwaka 1968 Marlin Briscoe, kijana Mweusi, alipewa nafasi na Denver Broncos na akarusha pasi 14 za tachidauni, yaani zilizofikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, katika msimu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata hakupewa tena nafasi hiyo. Akahamia Buffalo na kugeuzwa mpokeaji. Warren Moon alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Washington na mchezaji bora wa mechi ya vyuo ya Rose Bowl ya Januari 1978, lakini hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Akaenda Kanada, akashinda mataji matano na Edmonton, ndipo Houston walipomfungulia mlango mwaka 1984. Leo jina lake limo katika ukumbi wa magwiji wa mchezo huo. Wengi wenye vipaji kama hivyo walihamishwa nafasi wakiwa bado wabichi, na hatutajua kamwe wangefika wapi.

Jackson alikulia Pompano Beach, Florida. Baba yake alifariki akiwa na miaka minane, na mama yake akamlea na kumsimamia hata kwenye mazoezi. Vyuo vilipokuja kumsaka, mama huyo alikuwa na sharti moja: mwanangu atacheza kwotabeki, hatacheza pengine. Kocha Bobby Petrino wa Louisville akakubali. Mwaka 2016 kijana huyo alirusha pasi za yadi 3,543, akakimbia yadi 1,571, akahusika na tachidauni 51 za kurusha na kukimbia, na kunyakua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mshindi mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia.

Hata baada ya tuzo hiyo, sauti za zamani zilirudi. Mapema mwaka 2018 Bill Polian, mmoja wa mameneja waliojijengea jina kubwa katika NFL, alisema hadharani kwamba Jackson angefaa kuwa mpokeaji. Katika majaribio ya kabla ya uchaguzi, mahali ambapo vijana hupimwa mbio za yadi 40, Jackson alikataa kukimbia. Alijua mbio zake zingewapa watu hoja ya kumwondoa kwenye nafasi aliyoipenda. Hakuwa na wakala pia. Mambo yake yaliendeshwa na yeye na mama yake.

Baltimore ilikuwa na kwotabeki wake, Joe Flacco, mtu mrefu mwenye mkono mzito aliyeipa timu ubingwa wa Super Bowl mwezi Februari 2013. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa tahadhari. Jackson aliingizwa kwa mashambulizi machache katika kila mechi, mara nyingine akisimama pembeni kama chambo huku Flacco akiendesha mchezo. Benchi la Baltimore lilikuwa na mtu mwingine muhimu, Robert Griffin III. Mwaka 2012 Griffin, akiwa mgeni wa ligi huko Washington, alikimbia yadi 815 na kutajwa mshambuliaji mpya bora wa msimu. Tarehe 6 Januari 2013, katika mechi ya mtoano dhidi ya Seattle, goti lake liliumia vibaya. Baada ya hapo walitaka awe kwotabeki wa kusimama na kurusha, jambo ambalo halikumkaa, na ndani ya miaka michache alikuwa amepoteza nafasi yake. Msimu wa 2017 hakuwa na timu. Sasa alikuwa Baltimore, akimfundisha mdogo wake katika kazi hii yale aliyoyajua kwa mwili wake mwenyewe, kwamba kila yadi ina gharama, na kwamba kuteleza chini kabla ya kugongwa si woga.

Novemba 2018 Flacco aliumia nyonga. Ravens walikuwa wameshinda mechi nne na kupoteza tano, na kiti cha kocha mkuu John Harbaugh kilikuwa kimeanza kuwa cha moto. Tarehe 18 Jackson akaanza dhidi ya Cincinnati. Alikimbia na mpira mara nyingi kuliko kwotabeki yeyote aliyemtangulia katika mechi moja ya zama za Super Bowl, akapata yadi 119, na timu nzima ikakimbia zaidi ya yadi 260. Walishinda 24 kwa 21. Makocha walikuwa wamebadilisha namna ya kushambulia katikati ya msimu. Walishinda mechi sita kati ya saba za mwisho na kutwaa ubingwa wa kundi lao.

Ushindi huo ulifunika upungufu. Jackson alikuwa akifikisha asilimia 58 tu ya pasi zake, na mashambulizi yalitegemea mno mashaka ya wapinzani ambao hawakuwa wamewahi kukutana nayo. Los Angeles Chargers walikuwa wamekutana nayo. Walifungwa na Ravens Desemba 22, kisha wakaja Baltimore kwa mechi ya mtoano tarehe 6 Januari 2019, siku moja kabla Jackson hajatimiza miaka 22. Hakuna kwotabeki mdogo kuliko yeye aliyewahi kuanza mechi ya mtoano. Chargers waliwapunguza walinzi wazito na kuwapanga mabeki saba wepesi wenye mbio za kumfukuza popote aendapo. Jackson aliangushwa mara saba kabla ya kurusha. Hadi robo ya nne Ravens walikuwa nyuma 23 kwa 3. Uwanja wa nyumbani ukazomea, na watu wakadai Flacco aingizwe. Harbaugh akamwacha Jackson uwanjani. Kijana akarusha tachidauni mbili za mwishoni, na mechi ikaisha 23 kwa 17.

Kwa desturi ya ligi, huo ndio wakati ambapo kocha husema: mbinu hii imekwisha, sasa tumfundishe kijana kucheza kama wengine. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na makocha wengi waliuelewa ukunjaji huo kwa maana moja tu, kumkunja kijana afuate kitabu kilichokwisha kuandikwa. Baltimore waliamua kukiandika upya kitabu chenyewe. Flacco akauzwa Denver. Kocha wa mashambulizi Marty Mornhinweg akaondoka, na nafasi yake akapewa Greg Roman.

Uteuzi wa Roman una kisa chake. Ravens wa Flacco walipotwaa ubingwa wa Februari 2013 kwa 34 dhidi ya 31, timu waliyoifunga ilikuwa San Francisco, na aliyeongoza mashambulizi ya San Francisco alikuwa Roman huyohuyo. Wiki tatu kabla ya fainali ile kwotabeki wake, Colin Kaepernick, alikuwa amekimbia yadi 181 katika mechi ya mtoano dhidi ya Green Bay, rekodi kwa mtu wa nafasi hiyo. Baadaye Roman alifanya kazi Buffalo na Tyrod Taylor, kwotabeki mwingine mwenye mbio. Kocha wa makwotabeki wa Baltimore, James Urban, alikuwa Philadelphia enzi za Michael Vick. Kwa hiyo Jackson alizungukwa na watu ambao hawakuziogopa mbio. Walikuwa wameshaona zinavyofanya kazi, na wameshaona pia zinapoishia pasipo pasi.

Vick ndiye aliyekuwa kipimo. Atlanta ilimchagua wa kwanza mwaka 2001, na mwaka 2006 akawa kwotabeki wa kwanza kukimbia zaidi ya yadi 1,000 katika msimu: yadi 1,039. Lakini mfumo wa pasi aliopewa miaka ile ulidai hatua za kuhesabu na muda uliopangwa kwa usahihi, na mwaka huohuo alifikisha asilimia 53 tu ya pasi zake. Kipaji kilienda upande mmoja na mfumo upande mwingine. Roman alitaka mbio na pasi vitoke katika mzizi mmoja.

Mzizi huo ni hesabu rahisi. Kila upande una wachezaji 11. Kwotabeki wa kawaida akishamkabidhi mkimbiaji mpira, yeye mwenyewe hahesabiki tena; mbele ya mkimbiaji hubaki wazuiaji tisa dhidi ya walinzi 11. Kwotabeki mwenye mbio hubadilisha hesabu. Chukua shambulizi moja la Ravens wa 2019. Jackson anapokea mpira na kuunyoosha tumboni mwa mkimbiaji wake, Mark Ingram, lakini hauachii. Macho yake yako kwa mlinzi wa pembeni, ambaye wazuiaji wamemwacha makusudi bila kumgusa. Mlinzi yule akimrukia Ingram, Jackson anauchomoa mpira na kutokea ubavuni, palipobaki wazi. Akisubiri ili amzuie Jackson, mpira unakwenda na Ingram katikati. Mlinzi mmoja amezuiwa kwa macho tu, na mzuiaji ambaye angemshughulikia yeye sasa ameenda kumgonga mwingine. Yote hayo hukamilika kwa muda wa kupepesa jicho, na kijana ndiye anayeamua.

Kisha pasi zikajengwa juu ya mwanzo huohuo. Shambulizi huanza vilevile, mpira uko tumboni mwa Ingram, walinzi wa kati wanasogea mbele hatua mbili kuzuia mbio, na nyuma yao pengo linafunguka. Jackson anachomoa mpira na kuurusha pengoni. Roman alitumia wapokeaji watatu wenye miili mikubwa wanaocheza karibu na wazuiaji: Mark Andrews, Hayden Hurst na Nick Boyle, pamoja na Patrick Ricard, mzuiaji wa zaidi ya kilo 130 aliyecheza hadi upande wa ulinzi. Wapinzani wakileta mabeki wepesi kama Chargers walivyofanya, wanagongwa na watu wazito. Wakileta wazito, hawamkamati Jackson, wala hawamkimbizi Andrews. Jibu la kichapo cha Januari lilikuwa limepatikana ubaoni.

Lakini ubao peke yake haumtengenezi mrushaji. Kipindi cha mapumziko Jackson alirudi Florida kufanya mazoezi na mwalimu wake binafsi, Joshua Harris, na huko Baltimore Urban akasimamia miguu yake, upana wa msimamo wake na namna mpira unavyozunguka hewani, kwa sababu mwaka wa kwanza nyingi za pasi zake zilikuwa zikiyumba. Hapa ndipo makocha wa aina hii hutofautiana na wale wa kitabu cha zamani. Walisahihisha ufundi bila kugusa hulka. Kijana alifundishwa kuendelea kuutazama uwanja hata anapokimbia, ili akitoka nje ya ngome ya wazuiaji bado awe na pasi mkononi.

Tarehe 8 Septemba 2019, mjini Miami, msimu ukafunguliwa. Jackson alikamilisha pasi 17 kati ya 20, yadi 324, tachidauni tano, na kupata alama za juu kabisa zinazoweza kutolewa kwa mrushaji. Alikimbia mara tatu tu, yadi sita. Ravens walishinda 59 kwa 10. Alipohojiwa alisema kwamba si vibaya kwa mtu anayeitwa mkimbiaji.

Siku iliyoonyesha uhusiano wa kocha na mwanafunzi ilikuwa Oktoba 20, huko Seattle. Robo ya tatu, matokeo 13 kwa 13, Ravens wakiwa yadi nane kutoka mstari wa mwisho, jaribio la nne na la mwisho, zimebaki yadi mbili. Harbaugh aliita wapigaji ili wachukue pointi tatu za uhakika. Jackson alitoka uwanjani uso umekunjika. Harbaugh akamwuliza kama anataka kulijaribu. Kijana akajibu bila kusita kwamba anataka. Kocha akasimamisha mchezo, akawarudisha washambuliaji. Mpira ulipotoka, Jackson hakumkabidhi mtu. Aliingia nao mwenyewe nyuma ya wazuiaji wake na kwenda hadi mwisho. Walishinda 30 kwa 16. Kocha mwenye taji la Super Bowl alikuwa amebatilisha uamuzi wake mbele ya dunia kwa sababu kijana wa miaka 22 alisema anaweza. Baada ya siku kama hiyo, mchezaji hukubali kusahihishwa, kwa sababu ameshajua kwamba anasikilizwa.

Novemba 3 waliifunga New England, iliyokuwa haijapoteza mechi, 37 kwa 20. Wiki moja baadaye, Cincinnati, Jackson alipata tena alama kamili za mrushaji, na katika mechi hiyohiyo alichomoa mpira, akapenya mabeki, akajizungusha mwili mzima kati ya watu waliokuwa wameshanyoosha mikono, na kwenda yadi 47 hadi tachidauni. Kamera zikamkuta Harbaugh baadaye ameketi naye kwenye benchi, akimwambia kwamba ameubadilisha mchezo na kwamba watoto watavaa jezi namba 8 kwa miaka mingi ijayo. Mwezi huohuo Polian alikiri kwamba alikosea.

Hesabu za mwisho wa msimu zilikuwa hivi: yadi 1,206 za mbio, rekodi ya Vick ikiwa imevunjwa, pasi 36 za tachidauni, nyingi kuliko za kwotabeki yeyote mwaka huo, pasi sita tu zilizonaswa, asilimia 66 ya pasi zilizofika. Timu ilikimbia yadi 3,296 na kuifuta rekodi ya New England ya mwaka 1978. Walishinda mechi 14 na kupoteza mbili. Kura zote 50 za mchezaji bora wa ligi zilimwendea yeye, jambo lililokuwa limempata Tom Brady peke yake kabla yake.

Januari 11, 2020, Tennessee walikuja Baltimore na kuwatoa 28 kwa 12. Ravens walishindwa mara mbili kupata yadi moja kwenye jaribio la nne, wakabaki nyuma, na Jackson akalazimika kurusha mara 59. Mashambulizi yaliyojengwa kwa ajili ya timu inayoongoza hayakuwa na njia ya haraka ya kurudi mchezoni. Mwaka uliofuata waliwalipa Tennessee ugenini, 20 kwa 13, na Jackson akakimbia yadi 48 katika tachidauni moja. Hata hivyo Desemba 2021 kifundo cha mguu kiliumia, na Desemba 2022 goti, na misimu yote miwili akaimaliza nje. Onyo la Griffin lilikuwa limefika mlangoni.

Ndipo ikaja hatua ya pili ya malezi. Roman akaondoka mwanzoni mwa 2023, Todd Monken akachukua nafasi. Baada ya miezi ya mvutano wa mkataba, hata Jackson akawa ameomba kuuzwa, pande mbili zikasaini miaka mitano kwa dola milioni 260. Monken alimpa wapokeaji wengi zaidi na madaraka zaidi ya kubadilisha shambulizi pale mbele ya walinzi. Mwaka 2019 Jackson alikuwa amekimbia mara 176 na kurusha mara 401. Mwaka 2024 alikimbia mara 139 na kurusha mara 474, akapata yadi 4,172 za pasi na tachidauni 41, pasi nne tu zikinaswa, na bado akakimbia yadi 915. Katikati ya hapo, kwa msimu wa 2023, alitajwa tena mchezaji bora wa ligi kwa kura 49 kati ya 50. Siku ya Krismasi 2024 aliipita rekodi ya Vick ya yadi nyingi zaidi zilizokimbiwa na kwotabeki maishani mwake. Miguu ilikuwa imempa muda wa kujifunza, na kujifunza kukaipunguzia miguu mzigo.

Misimu hiyo miwili haikumpa ubingwa wa Super Bowl. Kansas City waliwazuia Januari 2024, Buffalo mwaka mmoja baadaye. Lakini timu nyingine zimeelewa. Msimu wa 2024 Washington, mahali palepale Griffin alipovunjika, walimpa Jayden Daniels mfumo uliofaa miguu na mkono wake tangu siku ya kwanza. Alikimbia yadi 891, akaifuta rekodi ya Griffin ya kwotabeki mgeni, na kuifikisha timu mechi moja tu kabla ya fainali.

Anayetaka kufuata njia hii asianzie kwenye kura 50. Msimu ule wa 2019 ulizaliwa katika robo ya nne ya mechi ya Januari 6 dhidi ya Chargers, kocha alipokuwa na bingwa kwenye benchi, na mashabiki wake wakizomea. Angemtoa kijana siku ile, hakuna ambaye angemlaumu, na pengine leo tungekuwa tukimhesabu Jackson pamoja na wale waliohamishwa nafasi kabla ya kuiva. Harbaugh alimwacha amalize mechi, kisha akaenda kutafuta kocha anayemfaa. Timu nyingi husema zina subira na vijana. Chache huwa tayari kubadilika kwa ajili yao.